Sifa kumi nimezibandika ukutani, mbona sifanikiwi?

BARUA

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani wa hapa Morogoro mjini, nina miaka 32, mke na watoto wawili. Nilisomea ushonaji kwa miaka miwili katika chuo cha ufundi na nilifaulu vizuri; hata leo mafundi wa jirani wakishindwa na kola ya koti, au wakiogopa kukata lesi ya bei kubwa, huniletea mimi. Sisemi haya kwa kujisifu, Mwalimu, nayasema kwa sababu ndiyo yanayonichanganya. Mwenzangu niliyesoma naye, ambaye chuoni alikuwa akiniomba nimsaidie kukata, leo ana fremu mbili, vyerehani sita na overloki yake mwenyewe, na ameajiri mafundi wanne. Mimi bado nina vyerehani viwili, kimoja kikiwa cha kukodi, na overloki huenda kuilipia kwa watu.

Miaka mitatu iliyopita nilianza kujiuliza ninakosa nini. Nilihudhuria semina ya ujasiriamali, nikawa nasikiliza wahamasishaji kwenye simu usiku huku nikishona, nikaandika orodha ya sifa kumi za watu waliofanikiwa: nidhamu, uthubutu, bidii, kujiamini, uvumilivu, kuwa na malengo, kuamka mapema, kujifunza kila siku, kuchagua marafiki na kutokata tamaa. Orodha hiyo nimeibandika ukutani juu ya meza ya kukatia, pembeni ya picha ya John Stephen Akhwari, mkimbiaji wetu wa marathoni, tuliyogawiwa kwenye semina. Naamka saa kumi alfajiri. Sinywi pombe. Mwaka jana sikukosa kazini hata siku moja isipokuwa siku za misiba. Kwa kweli sijui ni ipi kati ya hizo kumi ambayo sina.

Katika semina hiyo tulielezwa pia habari za watoto wa Marekani waliowekewa peremende mezani wakaambiwa kwamba atakayesubiri ataongezewa ya pili, na kwamba wale waliosubiri ndio waliofanikiwa ukubwani. Tangu siku hiyo huwa najiuliza kama mimi si yule mtoto aliyeila mara moja, na kama ni hivyo, basi jambo hili nimezaliwa nalo na halina dawa.

Wateja nao wamenichosha. Desemba iliyopita, kufikia tarehe 6, nilikuwa nimepokea nguo 41, zote zikitakiwa kabla ya Krismasi, na sikumkatalia mtu kwa sababu mteja ukimkataa harudi. Gauni moja, nikitulia, hunichukua saa nne. Nilikesha, Mwalimu, nilikesha kweli, lakini umeme ulikatika mara kwa mara, bitana ikapanda bei, na kianzio cha huyu nikawa nanunulia zipu za yule. Mama mmoja alinitolea maneno makali mbele ya watu kwa sababu gauni la sendofu ya binti yake lilichelewa siku mbili, ingawa kila alipokuja nilimpokea vizuri, nikampa kiti, nikamwambia kwa upole aje kesho. Mpaka leo kwenye rafu yangu kuna nguo kumi na moja ambazo hazijakamilika, mojawapo ikiwa suti ya mjomba wangu, na baadhi ya wenyewe wameacha hata kuziulizia.

Kuhusu mtaji, kulikuwa na tajiri mmoja wa vitenge wa Kariakoo aliyekuwa akinipa mali kauli. Mara ya mwisho alinipa mzigo wa shilingi 640,000, nimrejeshee baada ya wiki tatu. Siku ilipofika nilikuwa na shilingi 430,000 tu mkononi, nikaona aibu kumpelekea fedha pungufu, nikasema ningoje zitimie. Akapiga simu, sikupokea kwa kuwa sikuwa na la kumwambia. Akapiga tena na tena, mwishowe nikabadili laini. Fedha zile nazo zikaishia kwenye kodi ya fremu. Sasa hakuna tajiri wa mtaa ule anayenipa mzigo bila fedha taslimu, na nasikia wanapeana habari.

Hata kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi aliondoka. Ni kweli posho yake ya Jumamosi kuna wakati niliichelewesha, lakini nilikuwa nimemwahidi cherehani yake mwenyewe atakapotimiza mwaka. Alikaa miezi mitano, akaenda kwa huyo mwenzangu. Vijana wa siku hizi hawana subira.

Linalonishangaza zaidi ni kwamba mwenzangu huyo hana lugha nzuri. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mama wa watu, usoni, kwamba kazi yake haiwezi mpaka mwezi ujao, na kumfunulia daftari lake lilivyojaa. Wengine huondoka kwa hasira na kuja kwangu, lakini mwaka unaofuata wanarudi kwake. Mama yangu anasema nyota yangu imefunikwa, na mjomba amejitolea kunipeleka kwa mtaalamu anayemjua ili isafishwe. Sitaki kwenda, ila sina jibu la kumpa. Nisaidie, Mwalimu: ni sifa gani ninayoikosa, na je, mtu wa umri wangu anaweza kujifunza?

Fundi G., Morogoro


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifanya kama wewe, nikaipitia orodha yako nikitafuta sifa iliyopungua, na sikuiona. Bidii unayo ya kutosha kuwagawia wengine. Mara ya pili nilichukua penseli nikatia alama kila mahali palipokuwa na mtu anayekungoja: mama wa sendofu, tajiri wa Kariakoo, kijana wako wa kazi, watu kumi wenye nguo zao kwenye rafu, na mjomba wako ambaye ni wa kumi na moja. Nilipomaliza, ukurasa ulikuwa umejaa penseli.

Hebu zitazame tena zile sifa kumi. Zote zinamhusu mtu na nafsi yake: aamkeje, ajiamini vipi, ajifunze nini. Hakuna hata moja inayomhusu mtu wa pili, yule atakayekuletea kitambaa, mzigo au mtoto wake umfundishe kazi. Kinachokosekana kwako kiko huko. Neno lako halijawa kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukitegemea akapanga siku yake. Naomba unielewe vizuri, kwa maana sikuiti mwizi wala tapeli. Hakuna aliyelalamika kwamba kitambaa chake kilipungua hata shubiri. Wewe ni mwaminifu, lakini huaminiki, na mambo haya mawili watu huyachanganya kwa sababu yametoka katika neno moja. Mwaminifu hachukui kisicho chake. Anayeaminika ni yule ambaye akisema Alhamisi, mwenye gauni anaweza kwenda kuagiza viatu vya kufanana nalo.

Chukua hilo la mali kauli, ambalo umeliandika kana kwamba ni neno la kawaida tu. Lisikilize linavyosema: mtu anakukabidhi mali kwa kauli yako. Hakuna hati ya nyumba, hakuna mdhamini wala riba. Kuna mstari mmoja katika daftari lake, na kauli. Ni benki gani ingempa fundi mwenye cherehani ya kukodi bidhaa za shilingi 640,000 kwa wiki tatu bila kumtoza hata senti? Wewe ulikuwa na mtaji huo, mwanangu, na ulikuwa mkubwa kuliko vyerehani vyako vyote viwili. Siku ya kulipa ulikuwa na shilingi 430,000, yaani theluthi mbili ya deni. Ungepanda basi ukampelekea, au ungemtumia kwa simu, ukasema zilizobaki ni 210,000 na utazileta tarehe fulani, nina hakika angenung'unika. Ananung'unika kila mfanyabiashara anayepewa pungufu. Lakini mtu anayenung'unika bado anazungumza na wewe. Ulipobadili laini ulimnyima hata hilo, na yeye akafanya ambalo mfanyabiashara yeyote mwenye akili angefanya, yaani kuwatahadharisha majirani zake.

Nimelijua jambo hili kabla yako kwa sababu ya kazi ambayo sikuiomba. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mweka hazina wa kikoba chetu, walimu na majirani wachache wenye maduka na bustani. Sanduku lilikuwa na kufuli tatu, na funguo zilishikwa na watu watatu tofauti, lakini daftari lilikuwa langu, na daftari ndilo linalokufundisha watu. Nilianza nikidhani kwamba watakaosumbua kurejesha mikopo ni wale maskini zaidi. Haikuwa hivyo. Kulikuwa na mama mmoja muuza mchicha ambaye katika miaka hiyo alichelewa marejesho labda mara sita au saba, na hakuna hata mara moja tulipogombana naye, kwa kuwa kila alipoona mambo yanamwendea kombo alikuja nyumbani siku nne au tano kabla ya kikao, akakaa barazani, akasema, "Mwalimu, safari hii sitimizi." Tukapanga upya. Kikao kilipofika kila mtu alishajua. Na kulikuwa na mwenzangu mmoja, mtu wa mshahara, ambaye alichelewa mara mbili tu. Mara zote mbili alizima simu, akatuma mtoto aseme baba amesafiri, nasi tukamwona sokoni siku ileile. Mama wa mchicha aliendelea kukopeshwa mpaka nilipoachia kazi ile. Yule bwana, alipoomba mkopo wa tatu, hakupata mtu wa kumwekea dhamana. Kwa hesabu ya shilingi, mama ndiye aliyechelewa zaidi.

Nilichojifunza ni kwamba kuaminika hakumaanishi kutokosea tarehe. Kila anayefanya kazi kwa mikono atakosea tarehe. Kiini chake ni kuileta habari mbaya mapema, ungali na nafasi ya kumsaidia mwenzako kujipanga upya. Mama wa sendofu angeambiwa wiki moja kabla kwamba gauni halitawahi, angekasirika, angechukua kitambaa chake akampelekea fundi mwingine, na binti yake angevaa. Wewe ulimpa kiti.

Hapo ndipo penye ugonjwa, na nadhani umekusumbua kwa sababu unafanana sana na adabu. Tumelelewa kuona kwamba kumkatalia mtu usoni ni ukali, na kwamba mgeni hufukuzwa kwa maneno laini; kwa hiyo "njoo kesho" imekuwa namna yetu ya kusema hapana bila kuonekana tumeisema. Fundi anaisema, karani anaisema, na mimi mwenyewe nilipokuwa mwalimu wa taaluma niliwaambia wazazi hivyo nikijua fika kwamba kesho sitakuwapo ofisini. Mwenye kuisema hupata dakika moja ya kupendwa. Gharama yake analipa anayeisikia, kwa nauli na kwa siku yake, mpaka zamu inapomgeukia msemaji. Mwenzako ambaye unasema hana lugha nzuri anawahurumia wateja kuliko wewe: anawaambia ukweli wakiwa bado wana muda wa kwenda kwingine, na wengine wanakuja kwako kwa hasira, kisha mwaka unaofuata, baada ya kuonja upole wako, wanarudi kwake.

Tena ulijua. Naomba tufanye hesabu pamoja, kwa takwimu zako mwenyewe. Nguo 41 kwa saa nne kila moja ni saa 164. Kutoka tarehe 6 Desemba hadi tarehe 23, ukitoa Jumapili, unapata kama siku kumi na tano za kazi. Ukishona saa tisa kwa siku bila kuinua kichwa, hizo ni saa 135. Zimepungua saa 29, zaidi ya siku tatu nzima, na hapo hatujahesabu umeme, msiba, mtoto kuugua wala wateja wanaokuja kuulizia na kukaa kitini. Kazi hiyo ilishindikana kabla hujawasha cherehani, na kukesha kwako kote kulikuwa kukimbizana na ahadi ambazo zisingekamatika.

Usijione wa pekee katika hili. Mwaka 1994 wanasaikolojia Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha utafiti ambao sehemu yake iliwahusu wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada waliokuwa wakimalizia tasnifu zao. Waliombwa wakadirie watamaliza baada ya siku ngapi, na wastani wa makadirio yao ulikuwa siku 34. Wakaombwa wakadirie tena, safari hii wakichukulia kwamba kila kitu kinachoweza kuharibika kitaharibika. Wakasema siku 49. Iliwachukua siku 55 na nusu. Yaani hata walipojaribu kuwaza mabaya, hawakuyafikia. Jambo lililonivutia zaidi katika utafiti huo ni kwamba watu waliokadiria kazi za wenzao hawakuwa na matumaini makubwa kiasi hicho. Ukitaka kujua nguo ya mteja itakuwa tayari lini, kwa hiyo, usiulize moyo wako. Muulize mke wako, ambaye amekuona Desemba zote zilizopita.

Sasa hilo la peremende, ambalo naona limekutia hofu isiyo na sababu. Aliyewasimulieni alisimulia nusu. Jaribio lenyewe ni la Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambaye yeye na wenzake walianza majaribio hayo mwishoni mwa miaka ya 1960, na ni kweli kwamba walipowafuatilia watoto wale baadaye waliona waliosubiri wakifanya vizuri zaidi shuleni. Lakini mwaka 2018 watafiti wengine walilipima upya suala hilo kwa watoto zaidi ya 900 waliotoka katika familia za aina nyingi, wakaona uhusiano ule ulikuwa nusu tu ya uliodhaniwa, na walipozingatia hali ya nyumbani na uwezo wa mtoto alipokuwa mdogo, ukapungua kwa theluthi mbili nyingine. Kwa hiyo hakuna hukumu yoyote uliyozaliwa nayo.

Lipo jaribio jingine la peremende ambalo lingekufaa zaidi, na sikumbuki kumsikia mhamasishaji akilitaja. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester waliwachukua watoto 28, na kabla ya kuwawekea peremende wakawafanyia jambo dogo. Waliwaahidi kalamu nzuri za rangi na vibandiko vizuri zaidi ya vile vilivyokuwapo mezani. Nusu ya watoto waliletewa walichoahidiwa. Nusu nyingine mtu mzima alirudi mikono mitupu akaomba radhi. Kisha ndipo ikaja peremende. Watoto waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12. Waliodanganywa walisubiri dakika tatu.

Mfikirie yule kijana wako. Ulimwahidi cherehani baada ya mwaka, ahadi kubwa na nzuri, na nina hakika ulikusudia kuitimiza. Lakini kila Jumamosi alikuwa akipewa jaribio dogo, nalo ni posho, na kuna Jumamosi ulizorudi mikono mitupu. Yeye alifanya hesabu yake kama wale watoto: mtu ambaye shilingi elfu chache za wiki zinamshinda, atanipa cherehani ya mamia ya maelfu mwakani? Akaondoka mwezi wa tano. Umeandika kwamba vijana wa siku hizi hawana subira. Mimi nasema miezi mitano ilikuwa subira nyingi.

Nisikudanganye kwamba tofauti yote kati yako na mwenzako imetokana na daftari lake. Huenda alianza na fremu ya baba yake, huenda mkewe ana mshahara, huenda alikutana na mteja mmoja mwenye kamati za harusi tano. Bahati ipo, na mtaji wa kurithi upo, na nimeona watu wa kuaminika kabisa wakifa maskini. Ninachosema ni kwamba katika mambo yaliyo mikononi mwako, hili ndilo linalokula hayo mengine. Ufundi wako wa kola na lesi hauna faida kwa mtu ambaye harusi imekwisha pita.

Kuhusu nyota sitasema mengi. Imani ya mama yako sina ugomvi nayo, na usimjibu kwa dharau. Ila umeona mwenyewe kwamba habari zako zilianza kusambaa Kariakoo baada ya wewe kubadili laini, na hakuna mtaalamu anayeweza kusafisha simu ambayo haikupokelewa.

Uliuliza kama mtu wa miaka 32 anaweza kujifunza. Anaweza, kwa sababu hili halihitaji kubadili tabia nzima, linahitaji kubadili sentensi moja unayoisema mteja anapoingia. Nunua daftari, gawanya ukurasa kwa siku, na kila siku iandikie saa saba tu za kushona, si tisa. Mbili zilizobaki ni za umeme na misiba. Mteja akija, fungua daftari mbele yake. Kama saa zake zipo, ziandike na jina lake aone. Kama hazipo, mwambie tarehe ya kwanza iliyo wazi, kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kutakakokuwa kugumu kuliko yote, maana ulimi wako umezoea kuongeza "lakini nitajitahidi". Usiongeze. Na kianzio cha kila mteja kitie katika bahasha yake pamoja na kipande cha kitambaa chake, ili zipu za yule zisinunuliwe kwa fedha za huyu.

Lakini kabla ya daftari kuna zile nguo kumi na moja. Usipokee kazi mpya wiki hii. Najua utasema kodi ya fremu inakaribia. Pokea basi marekebisho madogo ya kulipwa papo hapo, kupunguza suruali na kubadili zipu, usiahidi gauni. Picha ya Akhwari usiibandue, bali itazame upya. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika marathoni ya Olimpiki jijini Mexico City, alianguka akaumia goti, na alipoingia uwanjani akichechemea ilikuwa imepita zaidi ya saa moja tangu Mamo Wolde wa Ethiopia ashinde, na watazamaji wengi walikuwa wamekwisha kwenda zao. Kati ya 57 waliomaliza, yeye alikuwa wa mwisho. Wahamasishaji humtumia kufundisha ndoto kubwa, sijui kwa nini. Jibu lake linalosimuliwa hadi leo ni kwamba nchi yake haikumtuma kwenda kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza. Ni jibu la mtu aliyetumwa, na mtu aliyetumwa ana anayemngoja. Nguo zako zimechelewa, sherehe zake zimepita, hakuna atakayekupigia makofi. Zimalize, zipige pasi, uzipeleke mwenyewe majumbani kwa watu, na pale uliposhika kianzio ukachelewa mno, usidai fedha iliyobaki. Utapata hasara. Ni hasara uliyokwisha ipata zamani, sasa unailipa tu.

Kisha mpigie tajiri wa Kariakoo, kwa namba yako mpya, asubuhi kabla duka halijajaa. Usianze na habari za umeme wala bitana. Jitaje jina, taja kwamba unadaiwa shilingi 640,000 na kwamba ulikosea kutopokea simu, taja kiasi ambacho unaweza kumtumia kila mwezi, na kiwe kidogo kuliko unachotamani kutaja. Kama ni 40,000 sema 40,000, utamaliza kwa miezi kumi na sita. Ukisema 100,000 ili akufurahie, utakuwa umerudi palepale. Huenda akakutukana. Msikilize. Siku ya kwanza ya mwezi tuma, na mwezi utakaoona hutaweza, mpigie tarehe 25. Usimwombe mzigo. Akitaka kukupa tena, atasema mwenyewe, na inawezekana asiseme kamwe.

Yule kijana usimrudishe, amepata mahali. Mpelekee posho zake zilizobaki.

Na mjomba wako, ambaye unasema huna jibu la kumpa: umeandika kwamba suti yake iko rafuni pamoja na zile nyingine. Anza nayo hiyo, mwanangu, Jumamosi hii, na mwambie leo kwamba utampelekea Jumamosi saa kumi jioni.